Viti vya Msikitini na Mazoezi ya Wacheza Gofu

Katika msikiti ninaosali, miaka kumi iliyopita viti vilikuwa viwili tu. Kimoja kilikuwa cha mzee aliyekatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na cha pili cha bwana mmoja aliyevunjika nyonga. Ijumaa iliyopita, kabla ya khatibu kupanda mimbari, nilivihesabu nikapata viti 14. Waliovikalia wengi wao ni marika yangu, watu wa miaka hamsini na kitu, ambao sijui maradhi yao ila kwamba magoti hayataki tena kwenda chini, na yakienda hayataki kurudi juu.

Nisieleweke vibaya. Sheria yetu ni nyepesi, na asiyeweza kusimama ana ruhusa ya kuketi. Hapana anayemwonea mgonjwa kijicho kwa kiti chake. Ninalouliza ni jingine: wangapi katika sisi tumeugua, na wangapi tumejiacha tu mpaka nguvu zikatuhama? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa njiani kukiendea kiti hicho. Katika tarawehe za mwaka jana nilikuwa nikiinuka kutoka sijda kwa kushika nguzo, na nguzo ikiwa mbali, bega la jirani.

Jawabu la swali langu sikulipata Mombasa. Nililipata Juja, tena mahali ambapo sikupatarajia hata kidogo, nao ni uwanja wa gofu.

Juja iko kati ya Ruiru na Thika. Zama za Waingereza palikuwa na shamba la Mmarekani aitwaye William Northrup McMillan, ambaye mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. McMillan alikuwa mnene mno, na husimuliwa kwamba alipokufa mwaka 1925 waliochukua jeneza lake walishindwa kulifikisha kwenye kilele cha mlima Ol Donyo Sabuk, wakamzika chini ya hapo. Leo Juja ni mji wa wanafunzi, kwa kuwa ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Mpwa wangu anasoma hapo, nami nilikwenda kumjulia hali.

Jumamosi asubuhi akaniambia, "Mjomba, twende ukaone ninapopatia nauli." Kumbe kijana wetu mwisho wa juma huwa kedi, yaani mchukuzi wa mfuko wa fimbo za gofu. Upande huo viwanja havikosekani: Ruiru ina chake, Thika ina vyake, na ni vya mashimo 18. Mwenye kuzunguka mashimo yote hayo kwa miguu hutembea kilomita nane hadi kumi, na kedi huzitembea hizo hizo akiwa na mfuko begani.

Aliyenishangaza lakini si mpwa wangu, bali mzee aliyemchukulia mfuko. Mzee huyo alistaafu kazi zamani, na ana miaka 71. Kabla ya kugusa mpira alikaa kando dakika kumi nzima akiutayarisha mwili. Alirusha mguu mmoja mbele na nyuma kama timazi la saa ya ukutani, kisha wa pili. Akaiweka fimbo mabegani, akakigeuza kiwiliwili kulia na kushoto polepole. Mwishowe akachuchumaa mpaka chini, akainuka bila kushika kitu, mara kumi. Mimi niliyemzidi ujana kwa miaka kumi na mitano nilijikuta natazama pembeni kwa haya.

Mchezo ulipokwisha tukakaa kivulini, nikamwuliza siri yake. Akacheka, akaniambia, "Sheikh, huu mpira haupigwi na mkono. Unapigwa na miguu na kiuno. Mkono ni tarishi tu, anapeleka barua." Akaniambia kwamba kila Jumanne na Alhamisi huenda kwenye ukumbi wa mazoezi kunyanyua vyuma. Alianza akiwa na miaka 62, baada ya mgongo kumlaza kitandani wiki tatu.

Nilidhani ni mzaha, lakini niliporudi nyumbani nikachunguza, nikaona mzee kasema kweli. Mpira wa gofu una uzito wa gramu 46 hivi, haufiki yai la kuku. Lakini mabingwa huupiga kwa fimbo ambayo kichwa chake huenda kasi ya zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Kasi hiyo huanzia kwenye nyayo zinazosukuma ardhi, ikapanda mapajani, ikapita nyongani na kiwiliwilini, ikafika mabegani, kisha mikononi, na mwisho ndipo ikaingia kwenye fimbo. Pingili moja ikiwa dhaifu, jirani yake hubebeshwa mzigo usio wake, na mara nyingi anayebebeshwa ni mgongo wa chini. Ndiyo maana katika majeraha ya wacheza gofu, maumivu ya mgongo huo yako mstari wa mbele.

Mambo haya hayakukubaliwa siku zote. Katika miaka ya 1950, Gary Player wa Afrika Kusini alipokuwa akinyanyua vyuma, watu walimcheka. Walisema misuli itamkaza, na mchezo wa gofu wataka mwili laini. Naye alikuwa mtu mfupi aliyeshindana na watu warefu, akaona hana njia nyingine ya kuwafikia. Mwaka 1965 alikuwa mtu wa tatu tu kuwahi kushinda mashindano yote manne makubwa ya gofu duniani, na kwa jumla aliyashinda mashindano hayo makubwa mara tisa. Baadaye akaja Tiger Woods, na baada yake ni vigumu kumpata bingwa anayeyadharau mazoezi.

Hata hivyo, huyo Woods ana somo la pili kwetu. Alipasuliwa goti mwaka 2008, na mgongo mara kadhaa kuanzia mwaka 2014, kabla ya kurudi na kushinda tena mashindano ya Masters mwaka 2019. Sisemi kwamba ni vyuma vilivyomwumiza. Lakini ni wazi kwamba mwili, hata wa bingwa, una kikomo, na nguvu peke yake haiuhifadhi.

Sisi watunzi wa mashairi twalielewa hili bila ya kufundishwa sana. Shairi lina mizani, na ukijaza upande mmoja ukaupunja wa pili, utakuwa umetunga kelele. Mzee wa Juja naye alikuwa na mizani yake. Kwa kila zoezi la kusukuma alikuwa na zoezi la kuvuta. Kwa kila siku ya vyuma alikuwa na siku ya kupumzika, kwa kuwa msuli hujengeka wakati wa mapumziko baada ya kazi. Uzito aliuongeza kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi. Kisha akasimama kwa mguu mmoja nusu dakika bila kuyumba, akaniambia zoezi hili ndilo analolithamini kuliko yote, maana wazee wengi huvunjwa na kuanguka.

Najua watakaoniambia kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na mambo ya vyuma ni ya mabaunsa. Kuhusu gofu, siwezi kukataa kwamba ilitujia na wakoloni. Klabu ya Gofu ya Mombasa ni ya tangu mwaka 1911, nasi tuendao Laitihausi kula mihogo na kunywa madafu tumepita ubavuni mwake miaka nenda miaka rudi kana kwamba ni nchi ya kigeni. Lakini nguvu si mali ya klabu. Mahamali wetu wa bandarini na wa Marikiti walikuwa nazo kabla ya ukumbi wowote wa mazoezi kujengwa, na mama zetu walizipata kwenye kinu na kwenye ndoo za maji. Kazi hizo zimetutoka mikononi, na hakuna anayezililia. Kosa letu ni kwamba tulipoziacha hatukuweka kitu mahali pake, ila kiti, chai ya maziwa na mahamri.

Tena pana jambo lililonichoma moyo kule Juja. Mchezaji humlipa kijana amchukulie mfuko, kisha hulipa ukumbi ili aruhusiwe kubeba vyuma. Anayebeba kweli ni kedi, lakini hubeba kwa bega moja, siku nzima, na hakuna anayemfundisha namna ya kuutunza mgongo wake. Na wachezaji wetu wengi wa kulipwa nchini walitokea huko huko kwenye ukedi, mmoja wao Dismas Indiza wa Mumias. Klabu zinazotaka mabingwa wa Kenya zingewafungulia makedi milango ya kumbi zao, walau asubuhi moja kwa wiki. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kapeti la ukumbini.

Tukirudi kwetu, wataalamu wanatuambia kwamba baada ya miaka thelathini msuli huanza kupungua polepole, na baada ya sitini hupungua kwa kasi zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli yote mikubwa walau siku mbili kwa wiki. Siku mbili tu! Wala hapatakiwi vyuma vya kununuliwa. Keti barazani, uinuke bila kutumia mikono, mara kumi. Sukuma ukuta kwa viganja mpaka kifua kikaribie, urudi. Jaza maji madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, utembee nayo uani ukiwa umenyooka. Simama kwa mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu. Usizuie pumzi unapoinua, na mwenye presha, moyo au goti bovu aanze kwa daktari. Na wanawake nao wasiachwe nyuma, kwani baada ya hedhi kukatika mifupa yao hupungua uimara upesi, na mazoezi haya huisaidia. Uani na nyuma ya milango yao wanaweza kuyafanya kwa stara zao zote.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufunza kwamba Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko aliye dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Swala ni ibada, si mazoezi, na sitaki mtu aigeuze kuwa mazoezi. Nasema tufanye mazoezi ili tuweze kuisali kama tulivyofunzwa chuoni, tukiwa wadogo, paji la uso likigusa mkeka.

Mimi nimeanza. Barazani kwetu sasa kahawa haimiminwi mpaka kila aliyekaa ameinuka mara kumi. Wiki ya kwanza walinicheka kama alivyochekwa Gary Player. Siku hizi tuko sita, na nguzo ya msikitini nimeiacha ipumzike. Kwa wale marika yangu wa viti 14, isipokuwa wagonjwa wa kweli, natuma ubeti huu mmoja:

Mzima nawe inuka, kiti si chako jamani,
Miguu ikitumika, hupanda hata mwambani,
Nguvu usipozishika, zitakuaga njiani,
Amana hii hakika, tutaulizwa mwishoni.