Miche ya Chamwino inapikwa, sisi tunasema imekauka



Nimerudi juzi kutoka Chamwino na nimekasirika. Mnisamehe kama lugha itakuwa kali kidogo, leo sina nyingine.

Nilikwenda kwa shughuli tofauti kabisa. Nikapita kwenye shule moja (jina naliacha, walimu wale hawana kosa na sitaki wasumbuliwe) nikakuta miche kama mia mbili imepangwa mstari kando ya ukuta, ndani ya viriba vyeusi, juu ya sakafu ya saruji. Saa saba mchana, mwezi wa kumi! Majani yamejikunja kama tumbaku. Mtoto mmoja, darasa la nne hivi, alikuwa anamwagilia kwa chupa ya soda. Maji katoka nayo nyumbani, maana kila mwanafunzi ametakiwa aje na chupa yake. Nikagusa kiriba kimoja, nikatoa mkono haraka. Nikachomeka kidole kwenye udongo, upande unaopigwa na jua. Udongo ulikuwa na unyevu, lakini wa moto.

Yaani maji yalikuwepo. Miche ile ilikuwa haifi kwa kiu, ilikuwa inapikwa.

"Mwalimu, hii si ingekaa kivulini kwanza?" nikamuuliza mwenyeji wangu.

"Ndugu yangu, tumeletewa. Mvua bado, na mgeni wa kuja kuzindua bado. Tukiificha nyuma ya majengo tutaulizwa iko wapi."

Hapo ndipo hasira zilipoanza.

Tuelewane kwanza. Mti ulio ardhini mizizi yake imejificha, jua likiwaka vipi udongo wa chini unabaki na ubaridi wake. Mche wa kwenye kiriba, kopo au chungu hauna pa kujificha. Udongo wake ni kilo moja au mbili tu, jua linaupiga juu na ubavuni, saruji inauchoma chini, na plastiki nyeusi inavuta joto lote. Mizizi ya mimea mingi huanza kuumia udongo ukikaribia nyuzi 40, na kwenye vyombo vyeusi vilivyoachwa juani imeshapimwa mpaka kupita 50. Mizizi midogo ikiungua mche hauwezi tena kunywa, hata ukiuweka katikati ya bwawa. Unaona majani yamenyong'onyea, unaongeza maji, na maji yenyewe yametoka kwenye bomba lililolala juani tangu asubuhi. Unaumalizia.

Na Dodoma siyo mahali pa kufanyia mzaha na jua. Tuko kwenye nyuzi 6 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Machi kuna mawingu. Oktoba mbingu ni nyeupe, upepo unakausha mpaka midomo, na ukuta mchana hautoi kivuli hata cha kuku. Kuweka miche kando ya ukuta ukidhani umeikinga ni kujidanganya. Jioni ukuta huo huo unaitemea joto lote ulilolihifadhi.

Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye intaneti kutafuta namna ya kulinda mmea wa kwenye chungu wakati wa jua kali. Mnajua nilikutana na nani? Wakulima wa bangi! Watu wa California na kwingineko wanakoruhusiwa, wanabishana kurasa kwa kurasa kuhusu rangi ya chungu, kivuli cha asilimia ngapi, maji ya saa ngapi. (Kabla hamjaanza: kwetu kulima bangi ni kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na mimi sitaki kesi.) Lakini nilisoma kwa wivu. Mtu anahangaikia mche mmoja kama mgonjwa wa malaria, kwa sababu ukifa hasara ni yake. Ya kwetu ikifa hasara ni ya nani?

Na hakuna hata kimoja walichosema ambacho bibi wa Kigogo angekishangaa. Ondoa miche kwenye saruji, iweke juu ya udongo au vipande vya mbao. Ibananishe pamoja ikingane ubavu, ile ya pembeni izungushie mchanga au magunia. Juu weka kichanja cha nyasi au makuti, kisiwe kizito mno, halafu zikikaribia wiki za kupanda upunguze kivuli kidogo kidogo ili mche uzoee jua. Mwagilia alfajiri mpaka maji yatokee chini, kuliko kunyunyizianyunyizia saa saba. Funika udongo kwa nyasi kavu. Na chungu cha udongo ni bora kuliko plastiki kwa sababu kinatoa jasho, kila aliyewahi kunywa maji ya mtungi anajua hilo. Tatizo lake kinakauka upesi, kwa hiyo kifukie mpaka karibu na mdomo. Gharama ya yote haya ni nyasi na nusu siku ya watu watano.

Sasa tuje kwa wakubwa. Desemba 2017 kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa pale Mzakwe na Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais. Haki isemwe, Desemba ndiyo mwezi wenyewe, mvua zinaanza. Lakini siku ya taifa ya kupanda miti ni 1 Aprili! Kwa wenye masika, Dar au Moshi, Aprili ni sherehe. Kwetu milimita 500 na kitu za mwaka mzima zinaanguka kati ya Desemba na Aprili, basi. Mche uliopandwa siku hiyo unapata mvua za wiki chache, halafu unaachiwa miezi saba mikavu. Najua mikoa inaruhusiwa kufuata msimu wake. Najua pia kamera zinafuata tarehe gani.

Halafu kuna lile lengo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Chamwino nayo imo. Hebu tupige hesabu ya dukani. Kila mche lita 5, mara mbili tu kwa wiki, ni lita milioni 15 kila wiki. Ndoo za lita 20 laki saba na nusu. Kila wiki! Katika wilaya ambayo mama anaamka saa kumi usiku kupanga foleni ya ndoo mbili. Nani alikaa akapiga hesabu hii kabla ya kuandika lengo? Na kwa nini lengo linahesabu iliyopandwa, halihesabu iliyo hai Novemba inayofuata?

Wapo watakaosema mwarobaini ni mti mgumu, haubembelezwi. Kweli, ukishashika ardhini. Kwenye kiriba juu ya saruji hata mgunga ni mtoto mchanga.

Huko mashambani tuna bahati ya njia nyingine. Pale Mpwapwa, LEAD Foundation wamekuwa wakifundisha Kisiki Hai: unatafuta kisiki kinachochipua, unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unapogoa mengine, unaweka alama na kulinda na mifugo. Tony Rinaudo aliieneza njia ya namna hiyo kule Niger miaka ya 1980. Hakuna kiriba wala ndoo, mizizi iko chini tangu zamani na inajua maji yalipo. Ila kisiki hakina utepe wa kukata, labda ndiyo maana hakialikwi kwenye sherehe.

Lakini uwanja wa shule hauna visiki, umeshafyekwa siku nyingi. Watoto wale wanahitaji kivuli, na kivuli kitatoka kwenye ile miche ya kando ya ukuta. Ninachodai ni kidogo: miche isitoke kitaluni kabla ya mvua, ratiba ya mgeni iwe vyovyote iwavyo. Ikitoka, itoke na nyasi zake za kuezekea. Na anayezindua arudi Novemba, bila msafara, ahesabu.

Jana nimempigia mwalimu. Wameihamisha arobaini chini ya mkwaju, kimyakimya. Iliyobaki imebaki kwenye mstari, mgeni anatarajiwa Alhamisi.