Chuma cha kusubu na viungo vyake

Sufuria nzito ya chuma cha kusubu ikianguka juu ya jiwe, twaiona yapasuka kama chungu; lakini jembe lapindika tu. Sababu yake ni kaboni. Katika chuma cha kusubu kaboni hupita sehemu 2 katika 100, mara nyingi hupita hata 3. Chuma kikipoa polepole, na silikoni ikiwamo ya kutosha, kaboni hujitenga ikawa vipande vyembamba vya ule weusi wa kalamu ya risasi, navyo hukikata chuma ndani kama nyufa. Silikoni ikipungua, kaboni hushikamana na chuma: ndicho chuma cheupe, kigumu mno, nacho huvunjika upesi.

Wenye kusaga mawe ya madini hukipenda hicho cheupe, hukitilia nikeli na kromu kisiliwe na mawe. Lakini wakati wa vita vikuu vya pili kromu ilikuwa haba. Mwaka 1943, huko Marekani, Keith Millis, akitafuta kitu cha kushika nafasi yake, alijaribu magnesi. Tazameni ajabu: kaboni haikuwa tena vipande vyembamba, bali vidonge mviringo! Chuma hicho hupindika kabla ya kuvunjika. Na magnesi inayobaki ndani ni kama sehemu 4 tu katika 10,000. Chumvi ya mchuzi wetu yaipita mbali. Leo mabomba mengi ya maji hufanywa nacho. Ila wasubu sharti wakimimine upesi, kwa maana wakikawia magnesi hutoweka, na vile vipande vyembamba hurudi.