Kazi kubwa iko kwenye picha

 Kuna jambo ambalo wanaosomea jinsi ya kuiwezesha kompyuta kuelewa picha hawaambiwi mapema.

Kwa kompyuta, picha ni jedwali la namba: kila nukta ina thamani ya 0 hadi 255 kwa nyekundu, kijani na bluu. Anayekimbia matriki na hesabu za uwezekano mwaka wa kwanza, atakwama mbele. 

Lakini hesabu pekee haitoshi. Chuo Kikuu cha Makerere kilishiriki kuandaa picha 21,367 za majani ya mihogo, nyingi zikipigwa na wakulima wenyewe, kisha wataalamu wa mazao wakabainisha lipi lina batobato, lipi lina michirizi ya kahawia, lipi ni zima. Bila macho ya wataalamu hao, programu ya kutambua magonjwa hayo ingejifunza nini? Picha ni za nani pia ni jambo la kuangalia: mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionyesha kuwa programu za kutambua jinsia kwa uso zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia 1.

Kwa hiyo, wadogo zangu wa mwaka wa mwisho, msitegemee picha za kupakua tu. Ingieni shambani au sokoni, pigeni zenu, mkae na mtaalamu azibainishe. Halafu tengeni picha za mtihani kabla ya kuanza kufundisha programu. Mmea mmoja usionekane kwenye picha za kufundishia na za mtihani pia, la sivyo mtajisifia alama za kuibia.