Barua Haiuzi Riwaya

Waandishi chipukizi wameaminishwa kwamba mswada wa riwaya husomwa au hutupwa kutokana na barua inayoambatana nao. Ndiyo maana wahariri huandikiwa kurasa mbili zenye kichwa "YAH: KUWASILISHA MSWADA WA RIWAYA", zikianza na salamu, zikiendelea na shahada za mwandishi, kisha ahadi kwamba kazi hii "itaelimisha, itaonya na kuburudisha jamii". Maneno hayo yametoka kwenye somo la fasihi la sekondari, kwenye maswali ya dhima na dhamira, na unaweza kuyabandika kwenye riwaya yoyote. Mhariri anachohitaji ni jina la kazi, aina yake, idadi ya maneno, kama iko kwa mchapishaji mwingine, na namba ya simu inayopatikana. Mistari mitano inatosha. Kuna hata wasiotaka jina: Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupokea hata hadithi za Kiswahili, haitaki jina la mwandishi lionekane kwenye hadithi; waamuzi husoma bila kujua nani kaandika.

Nitaambiwa jina lina uzito. Ni kweli. Mwandishi mashuhuri Doris Lessing alipoipeleka kwa jina bandia la Jane Somers riwaya iliyokuja kutoka mwaka 1983, Jonathan Cape, waliokuwa wachapishaji wake, waliikataa. Lakini uzito wa jina lake ulijengwa na vitabu vya miaka thelathini, na aya ya kujinadi haiwezi kumpa uzito huo mwandishi asiyejulikana. Tena wachapishaji Michael Joseph, walioikubali, walisema inawakumbusha Lessing wa ujanani. Hayo waliyaona kwenye kurasa za riwaya yenyewe.

Hoja nzito zaidi ni ya mawakala wa waandishi wa Uingereza na Marekani, ambao huidai barua na huipima. Wana sababu: wakala ndiye atakayekwenda kuinadi kazi kwa wachapishaji, hivyo lazima ajue kama inasimulika kwa sentensi chache. Hata hivyo wengi wao huomba pia kurasa za mwanzo, na wanachotafuta kwenye barua ni hadithi: nani anataka nini, na nini kinamzuia. Aliyeandika kwamba binti wa mvuvi anamficha kaka yake aliyetoroka jela, huku mchumba wake ni askari, amekwisha kusema mengi kuliko aliyeorodhesha mapenzi, usaliti na rushwa.