Hipu bado haijazeeka

Leo tuongee ya shule kidogo.

Kuna ubishi umezuka hapa hosteli: ukitengeneza simulesheni, matukio yajayo uyapange kwa njia gani? Maana simulesheni kazi yake ndiyo hiyo: chukua tukio lenye saa ya karibu zaidi, litekeleze, ingiza mapya, rudia. Ukitumia orodha ya kawaida yenye matukio milioni moja, kuingiza moja tu unaweza kukagua nusu milioni. Hipu, aliyoileta J. W. J. Williams mwaka 1964, inapanda au kushuka kama ngazi 20 tu. Halafu kuna foleni ya kalenda ya Randy Brown, 1988: kila tukio linawekwa kwenye siku yake, kama kalenda ya ukutani, na kwa wastani gharama haipandi hata matukio yakiongezeka. Basi jamaa wanasema kalenda ndio mwisho wa habari.

Mimi nabisha. Kalenda inashinda pale matukio yakisambaa vizuri. Sasa njooni kwetu, Masasi na Newala. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mzigo unatoka vyama vya msingi kwenda maghala makuu kusubiri mnada. Tangu stakabadhi ghalani ianze Mtwara msimu wa 2007/2008, mambo yanakwenda kwa mnada: leo malori yamebanana, kesho kimya. Igiza hilo uone, siku moja ya kalenda inafurika, nyingine tupu, na umerudi kwenye orodha ile ile. Hipu haijali msongamano, ngazi zake ni zile zile.

Ila nayo ina dhambi moja. Matukio mawili yakiwa na saa sawa, haikuhakikishii lililoingia kwanza ndilo litoke kwanza. Dawa ni rahisi: kila tukio lipewe namba ya kuingilia. Jamani, hilo si dogo. Kuna mkulima anasubiri hela ya korosho alipe ada ya mtoto. Ukimpelekea mwenye ghala majibu ya foleni iliyoruka watu, umemshauri uongo, hata kama programu yako inakimbia kama upepo.

Kwa hiyo tusichague algoridhimu kwa jedwali la kitabuni. Tuzipime kwa matukio ya kwetu, yenye mafuriko na ukame wake, kwanza majibu yawe sahihi, ndipo tuulize mbio.

Watu wa kalenda, mnasemaje?