Usikope kununua lenzi ya kwenda kupanda meli ya mtoni Ulaya

1.
Juzi tulimaliza zile posti za presha na niliwaahidi kwamba tunaanza sukari. Sukari itakuja. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu nimetoka zamu, naomba mnivumilie nitoke nje ya wodi kidogo.

Kuna mdogo wangu wa kazini amealikwa na shangazi yake anayeishi Ujerumani. Shangazi ana miaka 68, amestaafu, na ameamua kulipia watu wawili safari ya siku 15 kwa meli ya mtoni, kutoka Amsterdam mpaka Budapest. Wanapanda Rhine, wanaingia Main, wanapita mfereji wa kuunganisha ile mito, wanatokea Danube. Viza imetoka. Wodi nzima tumefurahi.

Sasa huyu binti ana kamera, siku za off anapiga picha za harusi na kipaimara. Asubuhi ananionyesha kwenye simu lenzi ya 70-200 f/2.8, imetumika, milioni 3.8. Hela hana. Ameshaongea na wale jamaa wa mikopo ya kausha damu, jibu analisubiri Ijumaa. "Dada, safari kama hii inatokea mara moja, siwezi kwenda na lenzi za kitoto."

Nilimwambia nitamjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake.

2.
Jibu langu kwa kifupi: usiichukue. Hata ukipewa bure ya kuazima, iache nyumbani.

Beba lenzi mbili tu. Moja ya zumu ya kila siku, hiyo 18-135 uliyonayo tayari. Nyingine ndogo isiyo na zumu yenye kupokea mwanga mwingi, 35 f/1.8, au 50 f/1.8 ambayo ndo rahisi zaidi sokoni. Hiyo ndogo utaipata kwa laki kadhaa, na hela ya laki kadhaa unaweza kuitoa kwenye harusi mbili bila kumpigia mtu magoti. Ya tatu ni simu yako.

Naeleza kwa nini. Mi nimeipanda meli ya hivyo mwaka juzi na Mama, dada yangu anayeishi huko ndo alilipa. Makosa nitakayoyataja nimeyafanya mwenyewe.

3.
Kwanza elewa unakwenda wapi. Sisi tukisikia safari na kamera, kichwani inakuja Mikumi: simba yuko mbali, gari haliruhusiwi kusogea, bila lenzi ndefu unarudi na picha ya nyasi. Mtoni Ulaya ni kinyume kabisa, vitu vinakufuata mpaka mlangoni.

Meli hizi ni nyembamba kama basi refu. Kubwa kabisa zinafika urefu wa mita 135, lakini upana ni mita 11 na nusu hivi. Sababu ni malango ya maji, yale mabwawa madogo ambayo meli inaingia, milango inafungwa, maji yanapandishwa au kushushwa, halafu inaendelea. Kwenye Main na ule mfereji, mengi yana upana wa mita 12. Piga hesabu: kila upande inabaki nafasi ya kiganja. Ukuta unaugusa ukitaka. Ukiwa na 70-200 hapo utapiga picha ya kuvu kwenye zege.

4.
Tuchukue mfano ambao kila mtu anautaka: Bunge la Hungary, Budapest, usiku, taa zote zimewaka. Meli nyingi huzunguka mbele yake usiku makusudi. Jengo lile lina urefu wa mita 268. Tuseme meli iko mita 250 kutoka kwenye jengo.

Kwa kamera yako yenye sensa ndogo, ukiweka 200 utapata kipande cha kama mita 30. Madirisha. Hata ukiirudisha mpaka 70, ambapo ndo mwisho wake, unapata kama theluthi moja ya jengo. Jengo zima linaingia ukiwa kwenye 18. Yaani picha uliyoifuata ng'ambo ya bahari inapigwa na lenzi iliyokuja na kamera, na ile ya milioni 3.8 haiwezi kuipiga. Hii ni hesabu ya kawaida, sio ngumu kuliko ya matone ya dripu.

5.
Najua atasema: "Lakini dada, ile ni f/2.8, usiku inasaidia."

Hapa ndo watu wanapoibiwa. Namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa, mwanga unaingia zaidi. Sawa. Sasa linganisha: f/1.8 inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8. Ukilinganisha na f/5.6, ni karibu mara kumi. Kwa hiyo kale ka-lenzi kadogo ka laki kadhaa kanaona gizani kuliko hilo lizinga.

Halafu kuna mtikisiko. Lenzi ndefu inakuza kila kitu, pamoja na kutetemeka kwa mkono. Kwa 200 kwenye kamera yako unahitaji kasi ya 1/300 ya sekunde au zaidi ili picha isifute. Kwa 35, hata 1/60 unaweza ukiwa umetulia. Wanaosema teknolojia ya kutuliza lenzi itaokoa, inatuliza mkono wako, haiwezi kusimamisha meli inayotembea. Na usibebe stendi ya miguu mitatu kwa ajili ya sitaha: inapokea mtetemo wa injini moja kwa moja. Simama katikati ya meli, mbali na nyuma kwenye injini, viwiko ubavuni, pandisha ISO mpaka 3200 bila woga. Chengachenga kidogo mtu anasamehe. Picha iliyofuta hairudi.

6.
Nisiwe muongo, kuna sehemu moja utatamani kuvuta. Ni ile korongo ya Rhine kati ya Rüdesheim na Koblenz, kama kilomita 65, UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002. Pale majumba ya kale yamekaa juu ya vilima kila ukigeuza shingo. Marksburg iko juu kabisa. Mwamba wa Loreley unapanda mita 132 kutoka mtoni.

Lakini 135 kwenye kamera yako inaonekana kama 200 na kitu, imetosha. Na huwezi kutaka 135 tu. Pfalzgrafenstein, ile ngome nyeupe ya ushuru ya karne ya 14 pale Kaub, imejengwa katikati ya maji. Meli inapita karibu nayo. Dakika moja unataka kuvuta kilimani, dakika inayofuata kitu kiko puani. Lenzi inayoanzia 70 itakukosesha, na ukianza kubadilisha lenzi, kona imeshapita. Meli haina rivasi ya kukurudishia picha.

Kwa hiyo lenzi moja inayotoka 18 mpaka 135 inaishinda lenzi bora inayofanya kazi moja. Wajuzi watasema ukali wa picha sio uleule. Kweli. Tofauti hiyo utaiona ukichapisha bango la ukutani. WhatsApp ya ukoo hawataiona.

7.
Na lenzi pana sana, zile za 10-18? Wengi wanaitaka kwa ajili ya kanisa kuu la Köln, minara yake ina mita 157, ukisimama chini haiingii. Usinunue. Fanya mambo mawili. Ukiwa chini pale tumia simu. Simu nyingi za sasa zina jicho pana kuliko 18 yako. Halafu vuka daraja la Hohenzollern kwa miguu mpaka upande wa Deutz, geuka nyuma. Kanisa zima, daraja lote na mto, vyote vimekaa kwenye lenzi ya kawaida. Miguu yako ni lenzi pia, na haina riba.

8.
Sasa niseme kilichonifanya niandike yote haya.

Mwaka juzi mi nilibeba lenzi nne. Moja ya kuazima, nzito, karibu kilo moja na nusu peke yake. Begi lilinikata bega siku ya kwanza. Siku ya tano tumetia nanga mji mmoja, bandari imejaa. Hii hawakwambii kwenye vipeperushi: meli zikijaa zinafungwa ubavu kwa ubavu, ili ushuke inabidi upite ndani ya meli ya jirani, au juu ya sitaha yake, halafu kidaraja. Kuna vizingiti, kuna ngazi, kuna maji ya mvua.

Mama alikuwa na miaka 71, goti la kulia linamsumbua. Mi niko mbele yake hatua mbili, kamera mkono mmoja, lenzi mkono wa pili, kifuniko nimekiuma mdomoni. Nabadilisha lenzi kwa sababu kuna mnara nimeuona. Nikasikia "Mama yangu!" kwa sauti yake. Alikosa kizingiti.

Hakuanguka. Mzee mmoja abiria, wala hatufahamiani, alimdaka kwapani. Mama alibaki na mchubuko kwenye muundi na aibu kidogo. Akaniambia, "Endelea na picha zako, mwanangu, mi mzima." Hakusema kwa ubaya. Ndo maana iliniuma.

Jamani mi nafanya kazi wodi ya mifupa. Najua nyonga ya mtu wa miaka 70 ikivunjika nini kinafuata: kitanda, vidonda vya mgongo, kichomi, wengine hawainuki tena. Nawafundisha ndugu wa wagonjwa kila siku, ukitembea na mzee mkono mmoja uwe huru na uwe upande wake. Siku hiyo mikono yangu yote miwili ilikuwa na vioo.

Kesho yake lenzi tatu nilizifungia kwenye sefu ya chumbani. Nikabaki na moja shingoni na Mama mkononi. Wachau, kile kipande cha Danube kati ya Melk na Krems, nimekipiga chote hivyo. Ile picha ya Mama na mnara wa bluu wa kanisa la Dürnstein nyuma yake, mliyoipenda Sikukuu ya Mama, ndo ya lenzi hiyo. Ya kawaida kabisa.

9.
Mdogo wangu, shangazi yako ana miaka 68. Amelipa ili akae na wewe siku 15. Sidhani kama ametafuta mpiga picha. Na ile mikopo unaijua, tumeshawaona wenzetu wanakuja kazini wamezima simu. Utakuwa Vienna unakula keki huku unahesabu marejesho ya wiki. Ukirudi utaiuza kwa bei ya hasara.

Kama kweli unapenda ndege, na siku moja ukapata safari ya delta ya Danube kule Romania wanakokaa wapelikani, hapo lenzi ndefu ina kazi. Usinunue, kodi. Wapiga picha wenzako wa harusi wanakodishana kila wikiendi, unawajua kuliko mimi.

10.
Vitu vidogo vya kubeba, ambavyo vitakusaidia kuliko hilo lizinga:

Kanga ya rangi nyeusi nyeusi. Ukipiga picha kupitia dirisha la chumba, bandika lenzi kwenye kioo halafu izungushie kanga. Mwangaza wa ndani haurudi kwenye picha.

Betri mbili za ziada, na zikae kwenye begi la mkononi. Kwenye ndege betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Mkanda wa kamera wa kuvaa mshazari, usininginie shingoni. Mikono ibaki huru. Umenielewa.

Na ujue kwenye Main madaraja ni ya chini. Sitaha ya juu inafungwa, viti vinalazwa, hata chumba cha nahodha kinashushwa. Siku hizo utapigia dirishani au mbele ya meli, kwa hiyo usipange picha zako zote za juu.

Basi. Ijumaa bado haijafika, mdogo wangu, wapigie wale jamaa uwaambie umeghairi. Wengine mliowahi kusafiri mtoni semeni hapo chini mlibeba nini na kipi hamkukigusa. Naingia zamu ya usiku, maswali nitajibu asubuhi nikishakunywa chai. Jumatatu tunaanza sukari.