STAA KAPIGA MAWIMBI JINJA POA, ILA MPIJI SIYO NILE

Kuna staa wetu mmoja, jina kapuni, juzi katupia klipu yuko Jinja, Uganda, kwenye boti la mpira. Maji meupe yanachemka, boti linapinduka, yeye anaibuka anacheka. Laiki kibao. Na mimi nimelaiki, sina roho mbaya.

Ishu yangu ni kwamba klipu imekatwa. Hatukuoneshwa wanavyofundishwa kwanza kupiga kafi na kurudi kwenye boti, wala wale jamaa wa kayaki wanaokaa tayari kudaka wanaodondoka. Usione vyaelea, vimeundwa. Mawimbi ya mto yanapimwa daraja la 1 hadi la 6. Jinja wateja wanapelekwa mpaka la 5. Likifika la 6, wanashuka wanatembea nchi kavu, boti linabebwa!

Sasa tuje kwetu Bunju. Kwenye komenti dogo mmoja kaandika, "Masika ikija sisi tunaingia Mto Mpiji na tairi." Watu wakaangua vicheko. Mimi sikucheka. Mwaka niliomaliza fomu foo nilivuka maji ya mvua nikijua ni ya magotini tu. Yakanibeba, nikaja kushika mzizi. Viatu vilienda, mimi nikabaki kwa bahati.

Nile ya Jinja ina kina na maji mengi. Mto wa mafuriko una tope, magogo na matawi. Maji yanapita kwenye matawi, wewe unanasa, na maji yanakukandamiza hapohapo. Hata mabingwa wa kayaki wanaogopa hiyo, ndo maana mto wasioujua wanaushuka kwanza kwa miguu kuukagua. Waulizeni jirani zetu wa Mabwepande waliohamishiwa pale baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Maji hayana fani.

Najua timu staa mtasema nina wivu, eti yeye siyo mwalimu wetu. Kweli, hajakosea kwenda kula bata. Ila ukiwa na wafuasi wengi hivyo, andika tu mstari mmoja: "Nilivaa jaketi na helmeti, nilifundishwa, waokoaji walikuwepo." Kiki haipungui hata kidogo, na kuna dogo wa Bunju ataliacha tairi nyumbani.

Au nakosea wadau? Shusheni komenti hapo chini, matusi hapana.